Feni za kompyuta zilizogoma kupunguza kasi: nilivyozifuata waya kwa waya

Kompyuta ni ya duka la kuchapa na kudizaini, maeneo ya Makoroboi hapa Mwanza. Ni ya mezani, kasha refu, feni nne: moja juu ya prosesa, mbili mbele za milimita 120, na moja nyuma ya milimita 120. Mwenye duka alishaingia mwenyewe BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. "Fundi, nimeweka asilimia 30, nikaseva, nikazima nikawasha. Bado inavuma kama mashine ya kukoboa."

Mipangilio sikuigusa kwanza. Feni isiyofuata asilimia uliyoiwekea, mara nyingi amri yenyewe haijaifikia. Ama inakula moto wa volti 12 moja kwa moja, ama waya wa amri umekatikia njiani, ama kuna programu nyingine inayoiamuru. Ukianza kuhangaika na asilimia kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo, utakesha.

Hatua ya kwanza ni kujua kelele inatoka wapi. Nafungua ubavu wa kasha mashine ikiwa inawaka, nachukua penseli yenye kifutio, nagusa kitovu cha feni taratibu kwa kifutio mpaka isimame, sekunde mbili tu, kisha naachia. Kitovu, si mapanga. Nikisimamisha feni na kelele ikabaki vilevile, hiyo si yenyewe. Hapa inafaa kukumbuka kwamba feni ya pawa sapulai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) ina kidhibiti chake ndani na BIOS haiitawali, na feni za kadi ya picha zinaongozwa na kadi yenyewe. Kuna watu wanabadilisha asilimia kwenye BIOS siku nzima kumbe kinachovuma ni pawa sapulai. Kwenye mashine hii kelele ilitoka kwa zote tatu za kasha, na ile ya prosesa ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtu anayehema.

Kisha nahesabu pini. Feni ya pini 3 ina pini ya kwanza ya hasi, ya pili ya volti 12, ya tatu ya kurudisha taarifa ya mzunguko (inatoa mapigo mawili kila feni inapozunguka mara moja, na mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, inayahesabu). Feni ya pini 4 ina hizo tatu pamoja na ya nne, ya amri, inayoitwa PWM. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa nusu ya matatizo ya aina hii. Feni ya pini 3 hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa volti. Kwenye BIOS njia hiyo imeandikwa DC. Feni ya pini 4 hupewa volti 12 kamili muda wote, na kasi yake huamuliwa na mapigo ya pini ya nne, yanayowaka na kuzima kama mara 25,000 kwa sekunde. Asilimia 30 maana yake ni kwamba katika kila pigo, ishara imewaka kwa asilimia 30 ya muda.

Sasa chomeka feni ya pini 3 kwenye soketi ya pini 4 iliyowekwa PWM. Inaingia vizuri kabisa, inazunguka, na mazabodi inatuma amri kwenye pini ya nne ambayo feni haina. Volti ni 12 muda wote. Hapo hata ukiweka asilimia 10 hutaona tofauti.

Feni mbili za mbele zilikuwa za pini 3, na tena hazikuchomekwa kwenye mazabodi. Zilipita kwenye habu, kile kisanduku kidogo cha kugawia feni kinachochukua moto kwenye plagi ya SATA ya pawa sapulai, kisha kinachukua ishara ya PWM kwenye soketi moja ya mazabodi na kuisambaza. Habu ya namna hiyo inafaa feni za pini 4 peke yake. Kwa pini 3 ni sawa na kuzifunga kwenye betri. Kwenye BIOS kasi yake ilisomeka sifuri, na hiyo ilikuwa dalili ya kutosha, kwa sababu habu nyingi hurudisha taarifa ya mzunguko kutoka tundu moja tu, na tundu hilo hapa lilikuwa tupu.

Niliziondoa kwenye habu nikaziunganisha kwa waya wa matawi mawili, moja kwa moja kwenye soketi ya feni za kasha. Kabla ya kufanya hivyo soma ampea iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kila feni. Hizi zilikuwa 0.18, zote mbili 0.36. Soketi nyingi za mazabodi za kawaida hubeba ampea 1, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Feni tano za 0.25 kwenye soketi moja ni kuiomba mazabodi iungue. Waya mzuri wa matawi una pini ya mzunguko kwenye tawi moja tu. Zikiwepo kote kote, mapigo ya feni mbili yanachanganyika na BIOS inasoma namba za ajabu.

Kwenye BIOS nikaitoa soketi hiyo kwenye Auto nikaiweka DC kwa mkono. Auto hukisia aina ya feni, na ikiwa na waya wa matawi mbele yake inaweza kukosea. Nikapima kwa mita, waya mweusi wa mita kwenye pini ya kwanza, mwekundu kwenye ya pili: kabla ilikuwa volti 11.9, baada ya kuweka asilimia 60 ikawa 7.2. Feni zikashuka kutoka mizunguko 1,200 hadi kama 740 kwa dakika. Sikushuka zaidi kwa makusudi. Feni za volti 12 nyingi zinahitaji kati ya volti 5 na 7 ili zianze kuzunguka kutoka kusimama. Ukiziweka asilimia 30 zinaweza kuendelea kuzunguka wakati mashine inawaka, halafu kesho asubuhi zikashindwa kuanza.

Feni ya nyuma ndiyo iliyonichukua muda. Ilikuwa ya pini 4, kwenye soketi ya pini 4, BIOS imewekwa PWM, mzunguko unasomeka 1,480. Kila kitu kiko sawa, na haitii. Kipimo changu kwa hali hiyo ni kimoja. Feni ya pini 4 imetengenezwa hivi: waya wa amri ukining'inia bila kuunganishwa popote, feni hukimbia kasi ya juu kabisa, kwa usalama. Waya huo ukiushikisha kwenye hasi, feni hushuka kasi ya chini kabisa au husimama. Kwa hiyo nazima mashine, nachomoa plagi, nafunga feni kwenye moto wa volti 12 pembeni, kisha kwa kipande cha waya naunganisha tundu la nne na la kwanza. Feni ikishuka, ni nzima, na tatizo liko kwenye soketi au njiani. Isiposhuka, tatizo liko kwenye feni au plagi yake. Angalia sana usiguse tundu la pili: volti 12 zikiingia kwenye waya wa amri, utaua kidhibiti kilicho ndani ya feni.

Feni haikushuka. Nikaigeuza plagi chini ya taa nikachungulia matundu yote manne. Matatu yalikuwa na kishaba (kile kichuma cha kushika pini) kinachong'aa karibu na mdomo wa plastiki. La nne lilikuwa na giza. Kishaba cha waya wa bluu kilikuwa kimerudi nyuma kama milimita 3, kwa hiyo kila plagi ilipochomekwa, pini ya mazabodi ilikisukuma nyuma badala ya kukiingia. Nilikitoa kabisa kwa kubonyeza ulimi wake mdogo kwa ncha ya sindano kupitia kidirisha cha plagi. Ulimi ulikuwa umelala bapa. Nikauinua kidogo kwa sindano hiyohiyo, nikakisukuma kishaba ndani mpaka kikatoa mlio wa kushika, nikavuta waya taratibu kuhakikisha. Nikarudia kipimo, feni ikashuka papo hapo. Kwenye BIOS kwa asilimia 35 ikasoma mizunguko 610. Kasoro ya namna hiyo mtu hununua feni mpya, na huenda hiyo mpya ikaletwa na waya wa kurefushia wenye nyaya tatu tu, tatizo likarudi. Waya wa kurefusha hesabu nyaya zake kabla ya kulipa.

Mwenye duka alidhani ni umeme kupanda na kushuka, akafikiria kununua stabilaiza. Nilipima moto wa volti 12 unaotoka kwenye pawa sapulai: 11.97. Unaokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Pawa sapulai nzima inashikilia hapo hata umeme wa ukutani ukiyumba, kwa hiyo stabilaiza isingepunguza kelele.

Ya prosesa ilikuwa kisa kingine, maana yenyewe ilikuwa inatii. Ile asilimia 30 aliyoiweka ni ncha ya chini ya mchoro wa kasi, inayotumika prosesa ikiwa imepoa. Prosesa yake ilikuwa inaruka kutoka nyuzi 47 hadi 88 kila anapofungua faili kubwa la kudizaini, na kwa nyuzi 88 BIOS inatakiwa kukimbiza feni. Usiizuie. Tafuta kwa nini kuna joto. Hitisinki, chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa, ilikuwa na miguu minne ya plastiki ya kubonyeza, na mmoja haukuwa umeshika. Ukiikamata kwa vidole upande huo inachezacheza. Pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili kupitisha joto, ilikuwa imekauka kama chaki. Na kati ya mapezi kulikuwa na utando wa kijivu ambao wakazi wa kando ya ziwa watautambua: vile vidudu vinavyofanana na mbu lakini haviumi, vinavyoinuka juu ya Ziwa Victoria kama moshi na kufuata taa usiku. Vikichanganyika na vumbi la barabarani na unyevu, vinagandamana, na blowa peke yake haiviondoi. Ilibidi kuing'oa feni, kusugua mapezi kwa brashi ya rangi, kisha blowa. Unapopuliza, shika mapanga yasizunguke, kwa sababu feni ikizungushwa kwa upepo inaweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye mazabodi.

Pesti ya zamani niliifuta kwa spiriti na pamba, nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, nikabonyeza miguu kwa mshazari, miwili kisha miwili, nikakagua kwa nyuma ya mazabodi kama yote minne imetokeza. Kwa faili lilelile joto likaishia 70. Mchoro nikauweka hivi: nyuzi 45 asilimia 30, nyuzi 60 asilimia 45, nyuzi 72 asilimia 75, nyuzi 80 asilimia 100. Muda wa kupanda nikauweka sekunde 3, ili feni isiruke kwa kila bofyo la mausi. Feni za kasha nikazielekeza zifuate joto la mazabodi badala ya prosesa, kwa kuwa hilo hupanda polepole.

Asubuhi yake simu: zinavuma tena. Kabla ya kufungua kasha nilitazama saa ya kompyuta, ikawa inaonyesha mwaka wa nyuma sana. Duka hilo hufungwa jioni kwa kuzima swichi kuu ya ukutani, na betri ya kwenye mazabodi, CR2032, ilipima volti 2.1 badala ya 3. Kila asubuhi BIOS ilikuwa inarudi mipangilio ya kiwandani, soketi ya mbele ikiwamo. Kubadilisha betri ni dakika mbili, kisha unarudia mipangilio yote upya. Nilipaswa kuipima siku ya kwanza.

Kuhusu programu mbili kugombea feni: kama Windows ina programu ya feni ya mtengenezaji wa mazabodi, chagua kati yake na BIOS, usiache zote. Dalili yake ni feni kuwa tulivu mpaka Windows imalize kuwaka, kisha inabadilika. Au inatii mpaka kompyuta ilale na kuamka. Kwa Linux, ndani ya /sys/class/hwmon utakuta pwm1, inayopokea 0 hadi 255, na pwm1_enable. Ukiandika 77 kwenye pwm1, ambayo ni kama asilimia 30, na pwm1_enable haijawekwa 1, namba yako inafutwa au inakataliwa, kwa kuwa chipu ndiyo inayoongoza. Ikiwa 0, feni hukimbia kasi kamili. Na namba za hwmon zinaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya, ndiyo maana fancontrol, programu ya Linux ya kuongoza feni, iliyofanya kazi jana inaweza kugoma leo.

Kwa zile kompyuta za ofisini zinazoletwa zikiwa zimetumika, Dell na HP, usidhani plagi ya feni ni ya kawaida kwa sababu tu inaingia. Baadhi zina mpangilio wao wa pini. Mashine za aina hiyo pia zikikosa sensa ya joto zilizozoea, hukimbiza feni zote kwa tahadhari, kwa hiyo tafuta waya mwembamba uliosahaulika wakati wa kusafisha.

Ndani ya ubavu wa kasha la Makoroboi nimebandika utepe: mbele DC 60, nyuma PWM 35, prosesa 45/30 hadi 80/100, na tarehe ya betri.