Siku moja maishani mwangu: zamu iliyofika hadi Ngome ya Urquhart

Saa moja kamili asubuhi niliingia zamu, katika makao ya wazee hapa Inverness, kaskazini mwa Scotland. Ilikuwa Juni, jua lilishachomoza tangu saa kumi na nusu alfajiri. Kuogesha, dawa, uji. Bibi ninayemhudumia alitaka koti lake jekundu. Tangu apate kiharusi mkono wake wa kushoto haunyanyuki, kwa hiyo huo ndio ninaoanza kuuvisha.

Saa nne tuliondoka kwa basi dogo, wazee wanne na wahudumu wanne, tukaifuata barabara ya A82 kandokando ya Loch Ness. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 37 hivi, na mboji ya milimani imeyafanya maji yake yawe na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Wengi huja kumtafuta yule mnyama anayesimuliwa kuwa anaishi humo. Bibi alikuwa anaitaka Ngome ya Urquhart tu, iliyo kando ya ziwa.

Saa tano kasorobo tuliiona ng'ambo ya mteremko, imekaa kwenye rasi. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipokuwa mdogo, kwenye magofu ya Tongoni nilikuwa nikiuliza ni nani aliyebomoa, sikupata wa kunijibu. Hapa jibu lipo. Mwaka 1692 askari wa serikali waliokuwa wakiilinda ngome walipohama, walililipua kwa baruti jengo la lango ili wafuasi wa Mfalme James aliyeondolewa madarakani wasije wakaitumia. Mapande ya ukuta yamelala chini mpaka leo. Mwaka 1715 dhoruba nayo ikaangusha sehemu ya Mnara wa Grant, ulio ndani ya ngome.

Kushuka kulituchukua muda. Kwenye mteremko mkali kiti cha magurudumu hushushwa kinyumenyume, mhudumu akitangulia chini, basi njia nzima bibi aliipa ngome mgongo. Tulipofika kwenye daraja nikamgeuza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba utotoni baba yake alimpandisha mnarani humo.

"Panda wewe," akasema. "Ukifika juu, unipungie."

Nikamwachia mwenzangu kiti, nikapanda ngazi nyembamba za kuzunguka. Juu kuna upepo mkali, na ziwa linaonekana pande zote mbili mpaka macho yanachoka. Nikalitafuta koti jekundu, nikapunga. Naye akapunga kwa mikono yote miwili, na ule wa kushoto ukafika usawa wa bega.

Saa saba tulikula mikate na supu. Kurudi, karibu wote walisinzia garini.

Saa kumi na mbili jioni nilijaza ripoti: amekula vizuri, ametoka nje, hana maumivu. Chini yake nikaandika habari ya mkono wa kushoto, ili mtaalamu wa tiba ya viungo aisome kesho. Nilipopita kumuaga kabla ya saa moja, bado alikuwa amevaa koti.