Zikimaliza Kutazamwa

"Hizi hela zote ni zako?"

Kijana wa benki aliuliza kwa upole, kichwa amekiinamisha upande kama tabibu anayetaka kujua maumivu yalianza lini. Nyuma yangu kuna foleni. Nje theluji ya kwanza ya Saskatoon, hapa Kanada, inadondoka kivivu. Mimi nimevaa koti la mtumba, begi la mgongoni lina kontena la wali maharage, na kwenye kioo chake akaunti yangu inasoma dola 24,190 za Kanada. Nikajibu ndiyo, ni zangu. Tangu nitoke pale najiuliza kama nilisema kweli.

Hiyo ilikuwa safari ya tatu kufuata barua. Sikwenda kuomba mkopo, nilikwenda kuomba barua ya ukurasa mmoja. Mara ya kwanza walinichapishia taarifa ya akaunti ya miezi sita wakanikabidhi na tabasamu. Nikawaeleza kwamba uhamiaji wanataka barua yenye nembo ya benki, anwani na simu zao, jina langu, namba ya kila akaunti, tarehe iliyofunguliwa, salio la sasa, wastani wa salio kwa miezi sita iliyopita, na madeni yote ninayodaiwa, ya kadi ya mkopo yakiwemo. Mara ya pili nikapewa barua nzuri kabisa inayosema mimi ni mteja wao mwaminifu tangu Januari 2024. Mwaminifu! Wastani hakuna, madeni hakuna. Na leo huyu kijana ananiambia kompyuta yao haina barua ya aina hiyo.

Mimi nimekulia kwenye ofisi za njoo kesho. Nilidhani nimeziacha Dodoma.

Sasa nieleze mwanafunzi anayekula maharage siku tano kwa wiki amepataje kuwa na fedha zote hizo benki, maana najua kuna watu wameshaanza kupiga hesabu.

Nilikuja kusoma shahada ya pili Januari 2024, baada ya kufundisha hisabati sekondari kwa miaka saba. Nilipoomba viza mwaka 2023, mwanafunzi alitakiwa kuonyesha dola 10,000 za kujikimu, mbali na ada na nauli. Ninyi mliokuja nyuma yangu, kuanzia Septemba 2025 ilipanda hadi 22,895. Kwa hiyo mdogo wangu unayenitumia ujumbe kila Jumapili "kaka na mimi nije?", anzia hapo. Habari za baridi utauliza baadaye.

Mwaka 2025 Kanada iliwaingiza walimu kwenye makundi yanayopewa mwaliko kipekee katika Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, na miaka ya kufundisha nyumbani inahesabika. Mwaliko wa kuomba PR, yaani ukaazi wa kudumu, ukanifikia, na siku 60 za kupeleka makaratasi yote. Nilipiga magoti kwenye kapeti ya chumba cha kupanga nikamshukuru Mungu. Kisha nikafungua tena ukurasa wa fedha.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Mwenzangu mmoja aliyehitimu kabla yangu amefanya kazi ya ofisini hapa mwaka mzima, anaomba kupitia Canadian Experience Class, njia ya waliokwisha kufanya kazi hapa Kanada. Yeye haulizwi hata senti moja. Mimi naingia kwa Federal Skilled Worker, njia ya wenye ujuzi hata kama waliupata nje ya Kanada, kwa nguvu ya miaka yangu ya chaki, na kwenye njia hii, kama huna ofa ya kazi wanayoikubali, lazima uonyeshe fedha za kuanzia maisha. Kuanzia maisha! Mwaka wa pili huu niko hapa, najua hadi siku ambayo mkate unashushwa bei. Nikiwa na nafasi usiku napanga maboksi ghalani, ndani ya zile saa 24 kwa wiki tunazoruhusiwa wakati wa muhula. Lakini kazi uliyoifanya ukiwa mwanafunzi wa kutwa haihesabiki kwenye ile njia ya mwenzangu, hata kama ungekuwa unapanga dhahabu. Kodi inayokatwa kwenye hayo maboksi, hiyo inahesabika bila shida.

Haya, kiasi chenyewe. Mwanzoni niliona ya mtu mmoja, dola 14,690, nikasema afadhali. Halafu nikasoma namna wanavyohesabu familia. Mke unamhesabu, na mtoto anayekutegemea unamhesabu, hata kama hawaji na wewe. Umeoa, umeoa. Kwa watu watatu ilikuwa dola 22,483, na mwezi Juni nilikuwa nimefika 22,600. Nilimpigia mke wangu simu tukacheka kama watoto. Julai wakapandisha, maana kiwango hicho hurekebishwa kila mwaka kufuata hesabu zao za kipato cha chini. Watu watatu, 23,360. Nyongeza ya dola 877 ilinipata nimeshaanza kupumua.

Piga kwa shilingi. Ni zaidi ya milioni arobaini. Sasa niambieni, nyumbani nani mwenye akili timamu anaacha milioni arobaini zilale benki? Mtu mwenye milioni arobaini yuko saiti anapiga lipu. Amenunua mashine ya kukamua alizeti. Amelipia wadogo zake ada, amebaki na laki tatu na heshima. Sisi fedha ikikaa bila kazi tunaiona kama mtoto asiyepelekwa shule. Huku ni kinyume: wanataka kuiona imekaa, tena imekaa muda mrefu, bila kuguswa.

Nilikuwa na kiwanja Iyumbu, kule Dodoma. Nilikinunua kwa mshahara wa ualimu, kidogo kidogo, na kwa mtaa wetu mimi nilikuwa mtu. Kwenye hesabu za uhamiaji kiwanja ni sifuri, thamani ya nyumba au ardhi hawaipokei kama ushahidi. Wala fedha za kukopa kwa mtu hawazitaki. Kaka yangu akakiuza mwezi Machi, milioni 12, ambazo huku zilifika dola elfu sita na ushee. Niliweka pamoja na akiba yangu ya SACCOS na posho ya kusahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hati ya mauziano ina muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kwa kuwa iko kwa Kiswahili, ilibidi itafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Mfasiri akamgeuza mwenyekiti wetu kuwa kitu ambacho kwa Kiingereza kinasikika kama msimamizi wa barabara. Nimeiacha hivyo hivyo. Mzee akijua atafurahi, barabara ya pale inahitaji msimamizi.

Hapa nitoe ushauri kabla hasira hazijanibeba. Kama una wazo la PR, fungua akaunti mapema na tulia nayo, kwa sababu ule wastani wa miezi sita hausahau. Usihamishehamishe fedha. Kila fungu kubwa linaloingia liwe na karatasi yake: limetoka wapi, nani kakupa, kwa nini. Kama ni zawadi ya mzazi, aandike kwamba ni zawadi na hairudishwi. Deni la kadi lipunguze kabla hujaomba barua, kwa sababu litaandikwa. Ada ya maombi itenge pembeni: mwaka 2025 ilikuwa 1,525 kwa mtu mzima, 260 kwa mtoto, sisi watatu 3,310, na zetu zimetoka kwenye hisa za mke wangu ili hizi nyingine zisiguswe. Na wale wanaokunong'oneza kwamba watakuwekea fedha mwezi mmoja uonyeshe halafu warudishiwe, wakimbie. Ukibainika umedanganya ni kufungiwa kuomba miaka mitano, na hao walionong'ona hutawaona tena.

Mke wangu naye alikuja na lake. Ana mchezo na wanawake kumi na wawili, zamu yake ni Desemba. Alikuwa tayari kuomba abadilishane na mwenzake apokee Agosti, tuzibe ile nyongeza. Nililala nikiwaza. Mchezo ukipokea kabla ya zamu, ni wako au ni deni? Mchezo ni wa wote na si wa mtu, ndiyo maana unafanya kazi. Sikuona namna ya kumweleza ofisa wa uhamiaji, nikamwambia aache. Nikaongeza usiku wa ghalani hadi ukomo wa saa, nikaacha nyama.

Na nikaacha kutuma nyumbani. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa naizungukazunguka.

Agosti mjomba alipiga. Mjomba hapigi simu, yeye hupigiwa. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, limefika mahali hawezi kutenganisha mbuzi wake na wa jirani, na hospitali wamempa bei ya upasuaji. Huyu ni mtu aliyeuza dume la ng'ombe mwaka 2009 ili mimi niripoti kidato cha tano. Nakumbuka dume lenyewe, lilikuwa na doa jeupe begani. Siku aliponikabidhi ada hakusema utanirudishia, alisema tu nisichelewe basi.

Nikamwambia mjomba kwa sasa sina.

Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Mbona nasikia una milioni arobaini?"

Mke wangu alimwambia mama, mama akamwambia dada yake, basi. Ushauri mwingine huo, na ndio mkubwa: salio lako lisijulikane na mtu yeyote, hata anayekuombea. Nikaanza kumweleza mjomba. Kwamba zipo lakini hazitumiki. Kwamba lazima ziwepo siku ya kuomba, na ziwepo tena siku ya kupewa, katikati hapo hakuna anayesema ni miezi mingapi. Kwamba wanaangalia. Nikisikia sauti yangu mwenyewe, nilikuwa nasikika kama tapeli.

Mjomba hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alisema, "Sawa baba. Zikimaliza kutazamwa utaniambia."

Wiki ile nilituma dola 150 kutoka kwenye hela ya chakula. Hazikufika hata nusu ya bei, na yeye akanitumia ujumbe wa shukrani mrefu, herufi kubwa tupu, kaandikiwa na mjukuu.

Sasa turudi benki. Kijana kashindwa, mimi nimeshaanza kukunja makaratasi, mama mmoja wa makamo akatoka chumba cha nyuma. Miwani imening'inia kifuani, sweta la kufuma. Akauliza kuna nini. Nikamwonyesha orodha ya uhamiaji. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaniambia nimfuate. Alikaa chini akaichapa ile barua mwenyewe, neno kwa neno, akifuata orodha kwa kidole. Wastani wa miezi sita aliukokotoa kwa mashine ya hesabu ya mezani, mara mbili, namba ya pili ikalingana na ya kwanza akatikisa kichwa kama mwalimu. Mimi niliyefundisha hisabati nilitaka kumpigia makofi. Dakika arobaini. Kuna gharama ya barua, aliifuta. Sikumwomba.

Akiwa anaandika akaniuliza kama familia inakuja. Nikamwonyesha picha ya binti yangu kwenye simu. Akasema atahitaji buti nzuri.

Akafika sehemu ya madeni. "Kadi ya mkopo, dola 640," akasoma. Nikapiga hesabu ya haraka: 24,190 ukitoa 640 ni 23,550. Juu ya mstari kwa dola 190. Kiatu cha mtoto kimoja na soksi.

"Madeni mengine yoyote?"

Nilitazama vidole vyake vimesimama juu ya kibodi, vinasubiri. Nikaona dume lenye doa jeupe linatolewa zizini.

"Hakuna," nikasema.

Akachapa, akatia saini, akagonga muhuri. Barua nimeipakia kwenye mfumo saa kumi na mbili jioni. Huko nyumbani ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia siku ya pili, na mjomba huamka kabla ya jogoo, kwa hiyo nilimpigia. Akapokea kwa mlio wa kwanza. Hakusema hujambo.

"Zimemaliza?"

"Bado, mjomba."

"Haya. Huku mvua bado pia."