Tope la mtaroni lina mayai: nilivyotengeneza barabara Tanga bila kumaliza samaki wa madimbwi

Ukipita mwezi wa Agosti kwenye barabara za udongo za tambarare ya Korogwe na Mombo, pembeni utaona vidimbwi vilivyokauka: udongo mweusi wa mbuga, ule wa tambarare unaotuamisha maji, uliopasuka-pasuka na majani yaliyolala. Dereva wa greda anaona pa kugeuzia mashine, na mkandarasi anaona pa kumwaga taka za mtaroni. Mimi nasimamia matengenezo ya kawaida ya barabara za aina hiyo, na jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeingia na mashine ni kwamba dimbwi hilo kavu limejaa samaki. Wamo ndani ya tope, bado mayai.

Ni samaki wa jenasi (kundi la aina zenye undugu) ya Nothobranchius. Mmoja wao, Nothobranchius palmqvisti, anapatikana katika ukanda wa pwani wa kusini mashariki mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, na kisayansi alielezwa mwaka 1907. Dume ana mkia mwekundu unaowaka, jike ni wa rangi ya tope, na wote wawili ni wadogo kuliko kidole chako. Mvua ikijaza dimbwi wanaanguliwa, wanakomaa ndani ya wiki chache, kisha wanataga kila siku wakiyasukumia mayai kwenye tope laini la chini. Dimbwi likikauka, wakubwa wote wanakufa. Kuanzia hapo mpaka mvua inayofuata, kizazi kizima ni mayai yaliyolala. Hakuna samaki wengine wa kuja kutoka mtoni kuziba pengo, kwa hiyo lori moja la tope likibebwa, huenda umebeba samaki wote wa dimbwi hilo. Aina nyingi za jenasi hii zimo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na sababu kubwa ni kwamba makazi yao ni vidimbwi vichache ambavyo hakuna anayeviona kuwa na thamani.

Kuvitambua hufanyika wakati wa maji, si wakati wa kazi. Masika yakishika Machi, nasubiri wiki tatu hadi tano baada ya maji kutuama, kisha natembea barabara nzima kwa miguu na kipande cha wavu wa matundu ya milimita 3 kilichofungwa kwenye fremu ya chuma. Pitisha wavu kando ya majani, sio katikati. Dimbwi lenye sakafu ya changarawe au mchanga sipotezi nalo muda mwingi, kwani mayai yanahitaji udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu kidogo hata ukipasuka juu. Watoto wanaochunga ng'ombe wanajua vidimbwi vyenye samaki kuliko ramani yoyote. Ninawauliza wao kwanza. Kila dimbwi linaandikwa kwa kilometa na upande wake (km 4+300, kushoto, yaani kilometa 4 na mita 300), na linawekewa nguzo fupi mbili zilizopakwa rangi nyeupe. Bila nguzo, mwezi wa nane hakuna atakayekumbuka maji yalifika wapi.

Kikwazo kikubwa nilikikuta kwenye jedwali la malipo, wala si kwenye mashine. Usafishaji wa mitaro ukilipwa kwa mita za ujazo za tope lililotolewa, mkandarasi atachimba, tena atachimba sana, na usimlaumu. Nilibadilisha kipimo kikawa mita za urefu wa mtaro uliorudishwa kwenye umbo lake, nikaongeza mstari mmoja wa "kuondoa na kurudisha tope kwa mikono" kwenye sehemu zenye nguzo. Baada ya hapo sikulazimika tena kusimama nyuma ya kila koleo.

Mtaro wenyewe ukiwa ndio makazi, kama inavyotokea mara nyingi kwenye udongo wa mbuga, siusafishi upana wote. Kwenye mtaro wa mita 1.5 tunachimba sentimita 70 za upande wa barabara, maji yapite na tuta la barabara lisilowe, na upande wa nje tunauacha kama ulivyo. Niliwahi kufikiria kuacha vipande vipande, mita 20 safi na mita 20 bila kuguswa. Haifai. Kwenye ardhi tambarare kila kipande kilichoachwa kinakuwa bwawa linalokaa kwenye tuta, na mwaka unaofuata unakuja kujenga barabara upya hapo hapo.

Palipo na ulazima wa kuchimba upana wote, tunatumia koleo na majembe. Sentimita 15 za juu zinatolewa peke yake, kwa sababu mayai yako karibu na uso. Tope hilo linalazwa juu ya turubai kwenye kivuli, kimo kisichozidi nusu mita, na linafunikwa kwa nyasi. Usilifunge kwa nailoni: joto linapanda ndani, linaota ukungu na mayai yanaharibika. Usilimwagie maji ili "lisikauke". Mayai yakilowa sana yanaweza kuanguliwa hapo juu ya turubai. Na lisichanganywe kamwe na kifusi. Tunalirudisha ndani ya siku tatu, likiwa tabaka la juu kama lilivyotoka, bila kulishindilia.

Makosa mawili yanaua dimbwi, na yanapingana. La kwanza ni kulitoboa. Mtaro wa kuchepusha maji ukikatwa mpaka dimbwini, au mashine ikichimba ikapita tabaka la mfinyanzi na kufika kwenye mchanga, maji yanaondoka kabla samaki hawajataga. La pili ni kulichimba liwe na kina kirefu libaki na maji mwaka mzima, jambo ambalo wanakijiji wanaliomba kwa ajili ya mifugo, na wana haki ya kuliomba. Lakini mayai yanahitaji kiangazi, na maji ya kudumu yanaleta kambale wanaomeza visamaki hivi. Lambo la mifugo linachimbwa kwingine, angalau lisiunganike na dimbwi hata wakati wa mafuriko.

Halafu kuna boza, lori la kubebea maji. Kushindilia changarawe kunahitaji maji, na boza linachota palipo karibu. Piga hesabu: dimbwi la mita 10 kwa 6 lenye kina cha sentimita 30 lina lita 18,000. Boza la lita 10,000 likienda mara mbili, dimbwi limekwisha, na samaki wamemwagwa barabarani pamoja na maji. Kwenye mkataba naandika mahali pa kuchota kwa jina, mtoni penye kina, kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na mdomo wa bomba la kunyonyea unavishwa wavu wa milimita 3.

Mashine zinajazwa mafuta mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji au dimbwi lenye nguzo. Nimechukua umbali huo kutoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na naupima hata dimbwi likiwa kavu. Saruji mbichi ni sumu kwa samaki, maji yake ni makali mno. Zege la ukuta wa kalavati (bomba linalopitisha maji chini ya barabara) linachanganywa juu ya bati, vyombo vinaoshewa kwenye shimo, na maji hayaruhusiwi kugusa zege kwa siku tatu.

Kwenye vijito vya kudumu, kama vinavyoingia mto Zigi, anamoishi perege wa Korogwe (Oreochromis korogwe), mambo ni mepesi zaidi: fanya kazi maji yakiwa machache, yapitishe kando kwa viroba vya mchanga na bomba, na ukimaliza usiache mdomo wa kalavati ukining'inia juu ya maji. Samaki wadogo hawaruki. Panga mawe upande wa chini mpaka maji yapande yafike kwenye sakafu ya bomba.

Wanaoishi karibu na barabara wanaogopa mbu, na wako tayari kumwaga mafuta machafu kwenye dimbwi. Ninawaonyesha: visamaki vitatu kwenye ndoo, weka viluwiluwi vya mbu, subiri kidogo. Hakuna maelezo ninayoweza kutoa yanayoshinda ndoo hiyo.

Masika yanayofuata narudi na wavu uleule kwenye kila nguzo, wiki ya nne ya maji. Dimbwi lililorudishiwa tope likikosa samaki, kwanza napima maji yalikaa siku ngapi. Yakiwa yalikauka mapema, tatizo ni tundu la chini, na ninaliziba kwa mfinyanzi wa hapo hapo ulioshindiliwa kwa mikono, chini ya lile tope la juu. Yakiwa yalikaa na bado hamna kitu, siandiki kwamba dimbwi limekufa. Sehemu ya mayai hulala kupita msimu mmoja. Nguzo zinabaki, na mwaka mwingine napitisha wavu tena.