Nguo za joto za pikipiki: anza na wati

Baridi ya nyuzi 3 ukiwa kwenye mwendo haizuiwi na sweta tu. Ila kabla ya kununua nguo yenye nyaya za joto, tafuta kwenye kitabu cha pikipiki yako uwezo wa alteneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa pikipiki, kwa wati. Koti la ndani la volti 12 hula wati 75 hadi 100, glavu pea moja kama 25. Vikiwaka pamoja ni takriban ampea 10: weka fyuzi ya ampea 15, karibu kabisa na betri. Pikipiki kubwa za safari hubeba mzigo huo. Pikipiki ndogo ya cc 125 mara nyingi hailiwezi hilo koti, hasa kwenye foleni, injini ikizunguka polepole; betri itaisha kabla hujafika. Mwenye ndogo achukue nguo zenye betri zake zenyewe, akijua kwamba kwenye joto la juu hukaa saa 2 au 3 tu.

Wengi hukimbilia glavu. Mimi ningeanza na koti au kizibao, maana kifua kikipoa mwili hupunguza damu ya vidoleni, na glavu peke yake haimalizi tatizo.

Koti likubane, juu ya fulana nyembamba. Likipwaya, joto halifiki mwilini. Nje vaa kisichopitisha upepo. Nyaya hukatika zaidi kwenye viungio vya mkononi, basi usivute waya unapovua, shika plagi. Ngozi ikianza kuchoma, punguza joto mara moja.