Ua la mbuyu lilivyonilaza nje Kilifi

Walionishauri walisema kupiga picha ua la mbuyu ni kazi ndogo: lichume, lipeleke nyumbani, liweke mezani karibu na dirisha. Nikawasikiliza, nikapoteza msimu mzima. Kila ua nililochuma asubuhi lilikuwa limeshachoka, petali zimeingia ukahawia kama ndizi iliyomenywa ikaachwa. Hakuna aliyeniambia kwamba ua hili hufunguka wakati wa magharibi, likawangoja popo usiku kucha, na kesho yake linasinyaa. Bado inaniuma.

Novemba iliyofuata nikahamia chini ya mbuyu wenye tawi lililoinama hadi usawa wa kichwa changu. Tumba la kuchagua ni lile lililoanza kupasuka nchani, weupe ukichungulia. Jua lilipotua, ganda la kijani likajikunja nyuma, petali tano zikafuata. Ukilitulizia macho unaliona kabisa likijongea! Katikati likaning'inia shada la stameni, nyuzi mamia kwa mamia, laini kuliko pamba.

Flashi ya kamera niliijaribu mara moja tu. Ua likatoka bapa kama sahani, mikunjo yote imemezwa na weupe. Nikatundika kaniki nyuma yake, nikafunika tochi ndogo kwa karatasi nyeupe, mpwa wangu akaishika ubavuni, nyuma kidogo ya ua. Hapo kila uzi ukajitenga na mwenzake, na kwenye ncha nikaona chavua.

Upepo ndio uliotutesa. Kikonyo ni kirefu, ua linabembea, na kwa giza lile nilihitaji kuiacha lenzi wazi sekunde mbili nzima. Picha kama sitini hivi zikatoka ukungu mtupu. Kulifunga kwa uzi sikutaka, lingekakamaa. Nikachomeka ufito mrefu ardhini, ncha yake ikaegemea kikonyo juu, nje ya picha. Ua likatulia bila kupoteza mlegeo wake. Gharama yote haikufika elfu mbili, maana stendi ya kamera niliazima.

Nilisafisha picha moja kubwa, nikampelekea mama anayeuza mabuyu pale njiani. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya zile nyuzi.

"Hili ni la mbuyu, mwanangu? Mimi miaka yote nayafagia tu."