Nilivyoituliza kontrola ya joto la maziwa

Msimu wa mvua mtambo wetu wa kuua vijidudu kwenye maziwa, hapa Mbarara, haukuwa na neno. Maziwa mengi, pampu kasi yote, joto limetulia. Kiangazi kikiingia, majani yakikauka na mikebe ikipungua getini, tulishusha kasi ya pampu hadi nusu hivi. Hapo joto lilianza kupanda na kushuka bila kukoma. Maziwa yanatakiwa yakae nyuzi 72 kwa sekunde 15. Yakipungua hapo, vali inayageuza yarudi tangini kupashwa upya. Yakizidi sana, yanagandia kwenye sahani za kupashia na kubaki na ladha ya kuungua.

Waliofunga mtambo waliiseti kontrola, kifaa kinachofungua na kufunga vali ya mvuke kufuatana na joto la kwenye sensa, wakati wa mvua, pampu ikiwa kasi yote. Kabla sijagusa namba yoyote ya PID, yaani zile namba tatu zinazoamua kontrola ijibu kwa nguvu kiasi gani, nilitaka kwanza kujua nipimie katika hali ipi. Mzee anayehudumia boila alinijibu bila kusita: "Mwanangu, ipime maziwa yakiwa machache, ndipo inapotusumbua."

Hesabu ilikuwa upande wake. Mvuke uleule ukipasha nusu ya maziwa, joto hupanda karibu mara mbili. Isitoshe, maziwa yanayokwenda polepole huchelewa kufika kwenye sensa. Kontrola inazidi kufungua mvuke huku joto la kutosha likiwa bado njiani, ndani ya bomba. Namba zilizofaa kwenye mtiririko mkubwa zinakuwa kali mno kwenye mdogo.

Basi nikajaza maji badala ya maziwa, nikashusha pampu hadi kasi ya chini kabisa tunayoitumia, nikaiweka kontrola kwenye mkono, yaani vali ya mvuke naiendesha mwenyewe. Nilisubiri joto litulie kwenye nyuzi 74, lile hasa tunalofanyia kazi. Hili wengi hulipuuza: hupima mtambo ukiwa bado unapata moto, au vali ya mvuke ikikaribia kufungwa, halafu namba wanazopata ni za mtambo mwingine kabisa. Vali ya mvuke ilikuwa wazi asilimia 35; nikaipeleka 40. Kwa muda sensa haikuonyesha chochote, kisha joto likaanza kupanda, mwanzo taratibu, halafu kwa kasi, hadi likatulia upya. Muda ule wa kimya ndio niliouandika kwa makini kuliko vyote. Nikairudisha 35, nikaishusha 30, nione kama kushuka kunafanana na kupanda. Baadaye nikarudia pampu ikiwa kasi yote: vali yetu huongeza mvuke kwa kiasi kilekile kila hatua, lakini joto lilipanda kama nusu tu, na likaonekana mapema zaidi.

Kupata namba za PID nilitumia kanuni ya wahandisi Ziegler na Nichols ya mwaka 1942, kwa vipimo vya mtiririko mdogo. Kanuni hiyo huacha joto likipanda na kushuka kama wimbi, kila linalofuata likiwa kama robo ya lililotangulia. Kwa maziwa hilo ni kubwa mno, kwa hiyo nikakata nguvu ya kontrola kwa nusu.

Joto likatulia kiangazi chote. Mvua ziliporudi, pampu ikiwa kasi yote, kontrola ilikuwa nzito kidogo kurudisha joto baada ya mtikisiko, lakini haikuyumba. Uzito huo naupokea kwa moyo mweupe. Kontrola yetu ina nafasi ya seti ya pili ya namba, nami nimeanza kuiandaa kwa ajili ya mtiririko mkubwa, ijiwashe yenyewe pampu inapoongeza kasi.