Kucha za sungura: anza na mwanga, si mkasi
Sungura ana kucha 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Unaosahaulika ni ule wa kidole gumba, upande wa ndani wa mguu wa mbele. Haugusi chini, kwa hiyo hausagiki, na ndio hunasa kwenye zulia ukang'oka.

Mfunge kwa taulo, kichwa nje, toa mguu mmoja mmoja. Usimlaze chali. Akitulia hivyo si raha, ni woga. Akikurupuka na kurusha miguu ya nyuma anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Ndani ya ukucha mna mshipa wa damu. Kwenye ukucha mweupe unaonekana kama mstari wa waridi. Kwenye mweusi, mulika tochi kwa nyuma. Kata milimita 2 hadi 3 mbele ya mshipa, ukitumia mkasi wa kucha za paka. Mkasi butu hauukati ukucha, unauponda na kuupasua. Kabla ya kukata, bana kidogo tu: akivuta mguu, sogeza mkasi mbele, kuelekea ncha ya ukucha.

Damu ikitoka, chovya ncha kwenye wanga wa mahindi, kisha kandamiza kwa pamba dakika chache bila kuchungulia-chungulia. Isipokoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Akianza kuhema, mwache. Miguu miwili leo, miwili kesho, hakuna ubaya. Rudia kila baada ya wiki 4 hadi 6.